Herufi Nne Mwishoni mwa Avokado

Kama umewahi kuliona jina kamili la kisayansi la avokado, basi umeshakutana na jamaa huyu bila kujua. Jina lenyewe ni Persea americana Mill. Wengi wetu huishia kwa maneno mawili ya kwanza, kwa sababu hayo ndiyo mwalimu aliyataka kwenye mtihani. Hiyo "Mill." tunairuka tu. Lakini ni mtu. Wataalamu wa mimea wana desturi ya kuweka mwishoni mwa jina la mmea kifupi cha jina la yule aliyelichapisha kwanza, na kila mmoja ana kifupi chake ambacho mwingine haruhusiwi kukitumia. "L." peke yake ni Carl Linnaeus, Msweden. "Mill." ni Philip Miller, mtunza bustani wa London, aliyezaliwa 1691 na kufariki 1771.

Ukishamjua, unaanza kumwona kila mahali. Pita Marikiti asubuhi. Nanasi: jenasi yake ni Ananas Mill. Muhogo: Manihot Mill. Matufaha yale ya kutoka ng'ambo: Malus Mill. Vanila iliyo kwenye keki ya bathdei: Vanilla Mill. Toka nje ya mji uende Laikipia, na ule mpungate wenye miiba unaowatesa wafugaji na mifugo yao ni Opuntia Mill. Na mgunga, ule mti ulio kwenye kila postikadi ya Afrika, jua likizama nyuma yake, kwa miaka mingi uliitwa Acacia Mill. Huo wa mgunga una kesi yake, tutaufikia.

Nilianza kumfuatilia Miller nilipopata kibarua cha kuandika lebo za miche kwa kitalu kimoja cha kando ya barabara. Lebo moja, shilingi 20. Jina la Kiswahili, jina la Kiingereza, jina la kisayansi. Baada ya lebo kama 30 hivi nikaona huyu Mill. amezidi, nikakaa chini kumtafuta. Nilitarajia kukuta profesa wa kuvaa wigi. Nikakuta mtu wa jembe. Guka yangu, babake mama, alifanya kazi hiyohiyo hapa Nairobi kwa miaka 31, na ndiyo maana sikuweza kumwacha huyu Miller aende zake.

*

Babake Miller alikuwa akikuza mboga za kuuza sokoni, pembezoni mwa London. Philip naye akaanzisha biashara yake ya maua na miche huko Southwark, ng'ambo ya mto Thames. Hakupitia chuo kikuu. Alichokuwa nacho ni mikono, macho na tabia ya kuandika kila alichokiona.

Mwaka 1721, kabla hajapata kazi ya maana, alifanya jaribio dogo ambalo ningependa lingekuwa kwenye vitabu vyetu vya shule. Wakati huo wasomi wa Ulaya walikuwa bado wanabishana kama kweli maua yana kiume na kike. Miller alichukua tulipu 12 akazipanda peke yake, mbali kidogo na zingine. Zilipochanua, akazitoa zile nyuzi zenye chavua kabla hazijamwaga unga wake. Kwa hesabu yake, tulipu hizo hazingezaa mbegu. Siku chache baadaye, akiwa ameketi bustanini, akaona nyuki wakitoka kwenye tulipu zingine wamejipaka unga mwili mzima, wakaingia kwenye zile 12 zake. Zikazaa mbegu. Hii ni miongoni mwa kumbukumbu za mwanzo kabisa Ulaya za mtu kumwona mdudu akichavusha ua, miongo kadhaa kabla ya wasomi waliokuja kusifiwa kwa utafiti huo. Na hakuwa na maabara. Alikuwa amekaa tu, anaangalia.

Mwaka uliofuata mambo yakamnyookea. Chama cha wauza dawa wa London kilikuwa na bustani huko Chelsea tangu 1673, ya kuwafundisha wanagenzi wao kutofautisha mmea unaoponya na ule unaoua. Bustani ilikuwa inayumba kifedha. Ardhi ilikuwa mikononi mwa daktari tajiri, Hans Sloane, na mwaka 1722 akawakodisha kwa pauni 5 kwa mwaka, milele. Sharti lake lilikuwa moja na lilikuwa la akili: kila mwaka bustani ipeleke mimea 50 iliyokaushwa kwa Royal Society, isiyorudiwa, mpaka ifike 2,000. Kwa sharti kama hilo bustani haiwezi kulala. Lazima mtu atafute mimea mipya kila mwaka. Mtu huyo akawa Miller. Aliajiriwa 1722 akatoka 1770. Miaka 48 kwa kazi moja.

Fikiria sasa kazi yenyewe. Mbegu zinafika kwa meli kutoka Amerika, Afrika Kusini na Asia, zimekaa miezi baharini, nyingine zimeoza, nyingine zimeliwa na panya. Wewe uko London, kuna baridi na giza la saa kumi jioni, na unatakiwa kuotesha nanasi. Mbolea ya farasi ina joto, lakini linapanda ghafla, linachoma mizizi, kisha linakufa. Miller alitumia mbinu iliyojulikana Uholanzi na akaieneza Uingereza: maganda ya mti wa mwaloni yaliyokwisha kutumiwa na watengeneza ngozi. Ukiyarundika kwenye shimo, yanachachuka polepole na kutoa joto la kiasi kwa miezi. Unazika vyungu humo, juu unaweka nyumba ya vioo. Nanasi linajiona liko nyumbani.

Na wakati huohuo anaandika. Mwaka 1731 alichapisha The Gardeners Dictionary, kamusi ya watunza bustani, buku zito la kurasa kubwa. Limepangwa kwa alfabeti: mmea, umetoka wapi, unapandwa lini, unahamishwa vipi, unapenda udongo gani, unauawa na nini. Kando yake akatoa kalenda inayomwambia msomaji afanye nini bustanini mwezi kwa mwezi. Kati ya 1755 na 1760 akatoa pia picha za mimea, kurasa 300 za michoro. Lakini kamusi ndiyo iliyompa jina. Iliingia matoleo manane akiwa hai, ikatafsiriwa kwa Kiholanzi, Kijerumani na Kifaransa, na ikavuka bahari. Thomas Jefferson, rais wa tatu wa Marekani, alikuwa na nakala yake. Mwana wa muuza mboga alichaguliwa kuwa mwanachama wa Royal Society, akakaa meza moja na mabwana wenye mashamba.

Nimesoma kurasa zake kadhaa zilizowekwa mtandaoni. Haziringi. Anakuambia weka hiki, toa kile, usimwagie maji mengi wakati huu, fungua kioo jua likitoka. Ni sauti niliyoizoea. Guka alikuwa anaongea hivyo.

*

Sehemu ya hadithi inayonifurahisha zaidi ni ya ukaidi.

Zamani jina la mmea lilikuwa sentensi nzima ya Kilatini. Mmea mmoja unaelezwa majani yake, maua yake, na pengine ulikotoka. Linnaeus ndiye aliyeleta utaratibu wa kufupisha: maneno mawili tu, kama jina lako na la babako. Mwaka 1736, akiwa bado kijana wa miaka 29, alizuru Chelsea. Linnaeus mwenyewe alisimulia baadaye kwamba siku ya kwanza Miller alimzungusha bustanini akitaja yale majina marefu, naye akanyamaza. Basi Miller akaambia watu kwamba huyu mgeni hajui mmea hata mmoja. Siku ya pili Miller alipoanza tena, Linnaeus akamkatiza: mbona usitumie majina mafupi na bora? Mzee akakasirika. Walipatana mwishowe, na Linnaeus akaondoka na mimea ya Chelsea, lakini Miller hakubadilika. Alikuwa ameijua mimea yake kwa majina ya mwalimu wa zamani, Mfaransa Tournefort, na hakuona sababu ya kuyatupa kwa sababu kijana amefika na mpango.

Mwaka 1753 Linnaeus akatoa kitabu chake kikuu, Species Plantarum. Humo alikuwa ameunganisha jenasi nyingi za zamani. Nanasi akalitia ndani ya Bromelia. Mpungate akautia Cactus. Muhogo, Jatropha. Tufaha, Pyrus pamoja na pea. Mgunga, Mimosa. Avokado, Laurus. Nyanya akaitupa Solanum pamoja na viazi na mnavu.

Mwaka uliofuata, 1754, Miller akatoa toleo fupi la kamusi yake, na humo akaendelea kama kawaida: Ananas, Opuntia, Manihot, Malus, Acacia, Persea, Lycopersicon. Kwani amesikia?

Hapa ndipo bahati ilipomkuta. Baadaye sana wataalamu wa mimea walikubaliana kwamba kuhesabu majina rasmi kunaanzia 1753, na kila kilichochapishwa kabla ya hapo hakihesabiki. Kwa hivyo Tournefort, mwenye majina yale hasa, akafutwa na tarehe. Na mtu wa kwanza kuyachapisha majina yale baada ya mstari ule kuchorwa alikuwa nani? Mkaidi wa Chelsea. Alipokubali hatimaye kuandika majina ya maneno mawili, katika toleo la nane la 1768, aliyaweka juu ya jenasi alizokataa kuziacha. Ndipo tukapata Persea americana Mill.

Si kila mara alishinda. Jina Aloe vera alilichapisha mwaka huohuo wa 1768, lakini Burman, wa Uholanzi, alikuwa amemtangulia kwa siku chache tu, kwa hivyo ile shubiri iliyo kwenye losheni yako ina jina la Burman. Na nyanya, ambayo vitabu vya kilimo vilitufundisha kuiita Lycopersicon esculentum Mill., imerudishwa Solanum baada ya uchunguzi wa DNA kuonyesha kwamba Linnaeus alikuwa sahihi. Lakini kwa nanasi, muhogo, tufaha, mpungate na avokado, mzee amesimama mpaka leo.

Kuna jambo jingine kwenye ukaidi huo. Bromelia ni jina la kumuenzi Olof Bromelius, Msweden. Ananas linatoka kwa lugha za Watupi wa Brazili, waliolima nanasi kabla Mzungu hajaliona. Wareno walilichukua neno lile wakaja nalo mpaka pwani yetu, na ndilo tunalosema kila siku: nanasi. Manihot nalo linatoka kwa lugha za jamii hiyohiyo. Kwa kukataa kubadilika, Miller alibakiza kwenye Kilatini cha wasomi maneno ya watu ambao hakuwahi kuwaona. Sidhani alikuwa anawawazia. Lakini maneno yapo.

*

Sasa, nisikuuzie mtakatifu. Bustani ile haikuwa mbali na uchafu wa karne yake. Sehemu ya utajiri wa Sloane ilitoka kwa mkewe, mjane wa mwenye mashamba ya Jamaika yaliyolimwa na watumwa. William Houstoun, mmoja wa waliomletea Miller mimea mingi kutoka Karibiani na Meksiko, alikuwa daktari kwenye meli za South Sea Company, kampuni iliyokuwa na leseni ya kupeleka Waafrika watumwa kwenye makoloni ya Uhispania. Alifia Jamaika 1733. Miaka hiyohiyo ya 1730, Chelsea ilituma mbegu za pamba kwa koloni jipya la Georgia. Tunajua pamba ilikuja kumaanisha nini huko, na kwa migongo ya nani.

Na hakuna mmea wowote uliofika Chelsea bila mtu wa upande wa pili kusema: huu unaliwa, huu usiuguse, huu unachemshwa kwanza. Muhogo mchungu unaua usipotayarishwa vizuri. Mtu alimfundisha Mzungu wa kwanza jinsi ya kuutayarisha. Mtu huyo hana kifupi chake.

Hata Miller, ndani ya mfumo ule, alikuwa wa daraja la chini. Aliandika kitabu kilichosomwa Ulaya nzima, lakini mwisho wake haukuwa mzuri. Alizeeka, akagombana na kamati ya wauza dawa waliomwajiri, na mwaka 1770, akikaribia miaka 80, wakamsukuma astaafu. Alikufa Desemba ya mwaka uliofuata. Hatuna hata picha yake ya kuaminika. Picha iliyowekwa kwenye tafsiri ya Kifaransa ya kamusi yake ilikuwa ya Miller mwingine kabisa, mchoraji. Jenasi moja ilipewa jina la Milleria, ambayo ni mmea wa jamii ya alizeti kutoka Amerika ya Kati. Huwezi kuukuta kwenye duka la maua.

*

Turudi kwa mgunga.

Neno "acacia" ni la kale. Wagiriki walilitumia kwa mti wa miiba wa Misri, kando ya Nile. Miller alipoandika Acacia mwaka 1754, mti uliobeba jina lile ulikuwa wa huku kwetu. Baadaye Wazungu walipofika Australia wakakuta miti ya jamii ileile, karibu spishi 1,000, nayo wakaiita Acacia pia.

Uchunguzi wa kisasa ulipoonyesha kwamba hii si jenasi moja bali kadhaa, swali likawa: nani abaki na jina? Kwa sheria ya kawaida, jina linabaki na mti uliokuwa nalo kwanza, yaani wa Afrika. Lakini Australia walikuwa na spishi nyingi zaidi, na kubadilisha zote kungekuwa kazi kubwa. Wakaomba jina lihamishiwe kwao. Mwaka 2005, kwenye kongamano la kimataifa la wataalamu wa mimea huko Vienna, jambo likapigiwa kura. Asilimia 54.9 walipinga jina lihamishwe. Soma tena: waliopinga ndio walikuwa wengi. Lakini kwa utaratibu uliotumika, pendekezo la kamati lilihitaji asilimia 60 ya kulipinga ndipo lianguke. Halikuanguka. Kongamano lililofuata, 2011, lilifanyika Melbourne, Australia, na uamuzi ukabaki. Miti yetu sasa ni Vachellia na Senegalia.

Nikisimulia hii, watu hucheka kwanza, kisha wanakasirika kidogo, kisha mtu anauliza: kwani ni kitu gani, si ni jina tu? Ni swali zuri. Mbuzi hajui kama anakula Acacia au Vachellia. Wamaasai wanauita mti mmojawapo oltepesi, na ukienda barabara ya Magadi utapita kituo kinachoitwa Oltepesi. Wakamba wanauita mulaa. Wakikuyu wana mugaa. Hakuna kongamano lililopiga kura juu ya hayo.

Lakini jina ni zaidi ya sauti. Jina likiandikwa, ndilo watu wanalofuata wakitaka kujua habari. Mwanafunzi wa miaka 100 ijayo atatafuta Acacia, na atapelekwa Australia.

*

Guka alizaliwa Kandara, Murang'a. Alikuja Nairobi miaka ya sitini na akapata kazi kwenye bustani ya nyumba moja kubwa ya upande wa Lavington. Akahama nayo mara tatu: mwenye nyumba akiuza, anayenunua anamrithi guka pamoja na majani. Walimwita shambaboi mpaka nywele zote zikawa nyeupe. Boi wa miaka 60.

Alikuwa hamwagii chungu maji kabla ya kukiinua. Anakipima kwa mkono: kikiwa chepesi kina kiu, kikiwa kizito kiache. Waridi alilikata juu ya jicho linaloangalia nje, ili tawi jipya lisirudi ndani kuleta giza na ugonjwa. Avokado alizichukua za kienyeji, zilizojiotea kutoka kwa kokwa, akazikata na kuzifunga kijiti cha Hass au cha Fuerte. Hass, kwa njia, lilikuwa jina la mtu pia: Rudolph Hass, mpeleka barua wa California, aliyeotesha mti mmoja wa ajabu na kuusajili 1935. Mpeleka barua na mtunza bustani wamekutana kwenye tunda moja, mmoja kwenye stika na mwingine kwenye Kilatini. Leo Kenya ni miongoni mwa wauzaji wakubwa wa avokado duniani, na nyingi zinatoka Murang'a. Ile kazi ya kukata na kufunga, tawi kwa tawi, shamba kwa shamba, nani aliifanya?

Kuna kisa guka alipenda kukisimulia. Mwenye nyumba alikuwa na wageni, anawazungusha bustanini na glasi mkononi. Wakafika kwa mti fulani, na mwenye nyumba akasema, "Huu niliupanda mwenyewe mwaka wa sabini na nane." Guka amesimama hapo, hatua mbili, ameshika mpira wa maji. Akisimulia alikuwa anacheka mpaka machozi. Sisi tulikuwa tunacheka naye. Siku hizi nikikumbuka, sicheki sana.

Alipokufa, familia ilichapisha programu ya mazishi, ile ya rangi, yenye picha yake ya kitambulisho iliyokuzwa. Wasifu wake ulitaja watoto, wajukuu, kanisa na ugonjwa. Juu ya kazi kulikuwa na mstari mmoja: "Marehemu alifanya vibarua mbalimbali jijini Nairobi." Aliyeandika hakuwa na ubaya. Hivyo ndivyo kazi ile inavyoitwa. Jioni ile nilimuuliza cucu, "Cucu, ukiulizwa guka alikuwa anafanya kazi gani, ungesema nini?" Hakufikiri sana. "Guka wako alikuwa anajua miti," akasema.

Ningependa kukuambia kwamba tofauti ya guka na Miller ni kipaji. Siwezi. Wote wawili walizaliwa kwa watu wa shamba, wote walifanya kazi kwenye ardhi ya wengine, wote walijua kusoma mmea kwa mkono. Tofauti ni kwamba Miller alipewa bustani yenye kodi ya pauni 5 na miaka 48, alikuwa na kalamu, alikuwa na mchapishaji, na aliishi kwenye mji ambao watu wangelipa pesa kusoma maneno ya mtunza bustani. Guka alikuwa na panga, ndoo na mwajiri aliyedhani kumjua ni kujua jina lake la kwanza. Hata ukaidi alikuwa nao, lakini ukaidi wa shambaboi unaitwa utovu wa adabu.

Kwa hivyo nimenunua daftari. Sina mpango mkubwa, na sitaandika kamusi. Mwezi uliopita nilienda Kandara, tukakaa na cucu chini ya avokado iliyo karibu na zizi, ile inayozaa Fuerte upande mmoja na Hass upande wa pili, kwa sababu guka alitaka kuona kama itakubali. Nilimuuliza alikuwa akiifunga na nini. Akasema, karatasi ya pakiti ya maziwa, iliyokatwa nyembamba, kwa sababu inavutika na haishiki maji. Kijiti kiwe unene wa penseli. Kisu kioshwe kwa maji ya moto. Usifanye kukiwa na jua kali, wala usifanye ukiwa na hasira, maana mkono unatetemeka. Hilo la hasira Miller hakuliandika, na kwa jinsi alivyokuwa, huenda lingemsaidia.

Niliandika yote. Kisha juu ya ukurasa nikaandika majina matatu ya guka, kamili, bila kufupisha, na mwaka. Cucu akaomba aone. Hajui kusoma sana, lakini jina hilo analijua. Akaliangalia kwa muda, akanirudishia daftari, akaniambia nisisahau ile ya ndimu.

"Ya ndimu ni gani?"

"Fungua ukurasa mwingine," akasema.